Bosi kaniandikia "Leave Friday". Ni livu au nimefutwa? Ushauri wa haraka

KijanaWaBarani:
Wadau, salaam aleikum. Sijalala tangu juzi. Natunza nyumba ya wageni hapa Malindi, upande wa Silversands, mwaka wa tatu huu. Mwenyewe ni mama wa Kiingereza, mtu mwema ila maneno yake ya kuhesabu. Jumanne usiku kaniletea ujumbe: "Leave Friday. Keys to askari." Basi. Salamu hakuna, kwaheri hakuna. Hiyo ni livu ama nimefutwa kazi? Kesho ndiyo Ijumaa.

BiMkandaa:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Livu huwa na siku ya kurudi. Hiyo haina. Kunja nguo zako.

MhudumuWaZamani:
Mimi naona maana ya tatu: achana na Ijumaa, siku hiyo usiguse kazi. Neno hili lilinitoa jasho nikiwa mhudumu wa hoteli Watamu. Mgeni kaniambia "leave the tray". Nikajua "leave" ni kuondoka, nikaondoka nayo: chai, mahamri, mpaka kijiko. Akanifuata hadi ngazini na taulo kiunoni. Kumbe alitaka niiache palepale! Hebu niambieni, neno gani hilo la kwenda na la kubaki kwa wakati mmoja?

MwalimuWaShela:
Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa kanzu moja. Kwenye Kiingereza cha kale ruhusa iliitwa lēaf, na kubakisha kitu kuliitwa lǣfan. Anayeondoka si hubakisha vitu nyuma? Ndipo neno la kubakisha likahamia kwa mwenye kuondoka. Lile la ruhusa ni jamaa wa "believe", na ndilo tunaloliita livu. Askari jeshi akipewa livu amepewa ruhusa ya kutoka kambini, kama nyinyi mnavyosema "nimeomba ruhusa kazini".

Wala msiwacheke Waingereza. Tukisikia kwenye tanzia kwamba fulani "ameacha mke", tunaenda kuhani. Jirani akituambia fulani "ameacha mke", tunauliza talaka ngapi.

BiMkandaa:
Mwalimu umenigusa. Mimi nimeachwa mara mbili, ya kwanza kwa talaka, ya pili kwa mauti, na neno lilikuwa hilohilo. Yule wa talaka alirudi mwezi wa pili kudai mbuzi ya nazi. Mbuzi ya nazi, jamani! Niliinunua mimi.

WakiliWaBarazani:
Turudi kwenye uzi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi livu ya siku za kazi zisizopungua 21, yenye malipo, kila akitimiza miezi 12. Ukiwa walipwa kwa mwezi, kukuachisha kunataka notisi ya maandishi ya siku 28. Na kifungu cha 41 kinasema kabla ya kufutwa kwa kosa au kwa kazi mbovu, ni lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, mwenzako wa kazi akiwepo. Maneno matano ya simu hayatoshi.

Lakini ujumbe ule ni jibu. Wewe ulimwandikia nini kwanza?

KijanaWaBarani:
Mambo ya kawaida tu.

WakiliWaBarazani:
Yapi?

KijanaWaBarani:
Habari ya Maulidi.

BiMkandaa:
Mwanangu, bandika ujumbe wenyewe.

KijanaWaBarani:
Sawa. Niliandika: "Madam I want to leave. Maulidi is near. Thank you for three years." Nilitaka livu ya wiki moja niende Lamu. Ile asante ni adabu, ndivyo tulivyolelewa.

MwalimuWaShela:
Lo! Ka "to" hako. "I want leave" ni kuomba ruhusa. "I want to leave" ni kuaga. Halafu ukamshukuru kwa miaka mitatu, ukagongelea msumari. Yeye amekubali tu. Mwandikie leo kwamba ulikusudia "leave", si "to leave", na umtake radhi.

MhudumuWaZamani:
Kajifuta mwenyewe, na kitambaa kaleta yeye 😂

KijanaWaBarani:
Mbona lawama zote kwangu? Kiingereza changu anakijua. Halafu tikiti ya basi mpaka Mokowe nishakata, mama yangu yuko Lamu, mtaa wa Langoni, ananingoja, na vijana wa zefe, ule msafara wa Maulidi, nimewaahidi tutakuwa pamoja msikiti wa Riyadha. Nikimwandikia sasa ataona nina wasiwasi. Nikirudi tutaongea.

WakiliWaBarazani:
Urudi wapi?

PwezaMkavu:
Mnachezewa akili nyote. Malindi hii iliyojaa Waitaliano, mpaka watoto wa ufuoni wanakusalimia "ciao", yeye kampata Mwingereza? Tena Mwingereza wa kusema maneno matano yenye mafumbo matatu? Hili ni swali la mtihani limevalishwa kikoi. Na huyu si ndiye wa ule uzi wa kasa aliyemeza simu?

MhudumuWaZamani:
Ule wa kasa ulikuwa kweli! Mwenye simu namjua.

PwezaMkavu:
Simu gani ya kupita koo la kasa?

MhudumuWaZamani:
Ya batani. Ndogo.

BiMkandaa:
Ya kasa ilikuwa Mambrui. Huyu ni mwingine.

PwezaMkavu:
Basi aweke picha ya skrini.

MhudumuWaZamani:
Ya kasa?

KijanaWaBarani:
Wallahi si hadithi. Jana usiku nilimwandikia alivyosema mwalimu. Alfajiri hii kajibu: "Leave it with me." Mwalimu uko wapi? Nimwachie nini? Basi limeshapita Gongoni, na funguo ndiyo kwanza nazipapasa, zimo mfukoni mwangu.

BiMkandaa:
Shuka.