Gurudumu la nyuma linayumba

Muulizaji, Pongwe: Ndugu zangu, kila ninapovuka kilomita 60 kwa saa nikitokea Muheza, gari langu hutikisika upande wa nyuma kushoto, ingawa nati nimezikaza. Je, ni beringi, kile kifaa kinachofanya gurudumu lizunguke laini?

Fundi, Ngamiani: Tafadhali usiliendeshe kabla ya kulikagua. Weka kigingi magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi, kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, na ukisikia mkwaruzo unapolizungusha, beringi imekwisha. Lisipocheza, tazama rimu inavyozunguka, kwani mashimo ya barabarani huipinda.

Dereva, Chumbageni: Papasa pia uso wa tairi. Langu lilikuwa na uvimbe.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Limecheza na linakwaruza. Litavutwa hadi gereji.