Nimeshatubu mbele za Mungu, mbona moyo hautulii?

Mja_Asiyelala: Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Naomba ushauri, wenye kejeli wapite kushoto. Kuna kosa nililifanya kanisani. Si uzinzi, na sijaua mtu. Nimefunga siku 3, nimelia mpaka sauti ikakauka. 1 Yohana 1:9 naijua kwa kichwa. Lakini ikifika zamu yangu ya kuongoza maombi, ulimi unakuwa mzito. Mungu akishasamehe, kuna haja tena ya kumwambia mwanadamu?

BabaWatano: Pole mkuu. Huyo ni mshitaki wetu, Ufunuo 12:10. Mkemee. Mimi nilipookoka niliteswa na ndoto mbaya, nikakemea, zikakoma. Mke wangu anadai zilikoma nilipoacha kula usiku wa manane, ila tuyaache hayo.

Tarumbeta: Kosa gani? Umekwenda kwa daktari, umesema "naumwa", umefunga mdomo.

Mkatoliki_Kimya: Mnahangaika kwa sababu mliondoa kitubio. Sisi unaungama, unapewa malipizi, na padri hasemi hata akiwekewa kisu shingoni.

Tarumbeta: Na aliyeungama wizi anabaki na mali?

Mkatoliki_Kimya: Hapana, lazima arudishe. Kwani sikusema?

Tarumbeta: Hukusema.

Mja_Asiyelala: Sawa, ni fedha. Nilikuwa mhazini wa kwaya. Nilikuwa na shida ya kweli, nikachukua kwa nia ya kurudisha. Na ninarudisha! Kila Jumapili naweka kidogo kwenye bahasha ya sadaka, bila jina. Nimefika karibu nusu. Kwa hiyo simwoni anayenidai.

DadaSoprano: Msinikumbushe wahazini wa kwaya. Tulichanga sare mwaka mzima, zikaja fupi, na za besi zikaja bila vifungo. Mpaka leo hatujaonyeshwa risiti.

Mzee_wa_Torati: Kijana, fedha ya kwaya unairudishia kwenye sadaka ya kanisa? Hiyo mifuko miwili. Walawi 6:5 inataka kitu kirudi kizima, kiongezwe sehemu ya tano, na apewe mwenye mali. Zakayo alikwenda mbali zaidi, mara nne. Bahasha yako inanikumbusha Sauli. Aliambiwa aangamize vyote, akabakiza kondoo wanono, alipobanwa akasema ni wa kumtolea Bwana. Samweli akamjibu kutii ni bora kuliko dhabihu.

Tarumbeta: Swali dogo. Hesabu zilipopungua, nani aliulizwa?

Tarumbeta: Mleta mada, nakuona upo.

Mja_Asiyelala: Nilijua mtafika huko. Aliulizwa msaidizi wangu, kwa kuwa daftari lilikuwa kwake wiki ile. Hakufukuzwa, aliambiwa apumzike tu. Baadaye akahama kanisa kwa hiari yake. Mimi sikumtaja popote, nilinyamaza. Nikisema leo kwaya itavunjika, na Mathayo 18:6 inaonya juu ya kuwakosesha wadogo. Nimeshaandika barua ya kuacha uongozi kwa sababu za kifamilia. Haitoshi?

Mkatoliki_Kimya: Yaani unatoka kwenye uongo mmoja kwa barua yenye uongo mwingine.

Kijiwe_Huru: Wakuu, hii ni chai. Mtu mwenye hofu hivyo anakumbuka sura na mistari yote? Huyu ni mchungaji anatafuta mahubiri ya Jumapili.

DadaSoprano: Au ndiye huyo msaidizi, amejivika uhusika wa mwizi ili apime kama tungemwonea huruma.

BabaWatano: Mchungaji, kama ni wewe, ile ya ndoto usiitaje madhabahuni. Mke wangu atanijua.

Mzee_wa_Torati: Nathani naye alimpelekea Daudi hadithi ya kutunga, ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Aliyenaswa nayo hakuwa wa kutungwa. Mimi naendelea kumjibu.

Kijiwe_Huru: Mzee, unamjibu hewa.

Mja_Asiyelala: Laiti ingekuwa chai. Kuna jambo sikulisema. Mwezi uliopita yule msaidizi alinipigia simu. Alisema hajatulia tangu siku ile, labda kweli alikosea kujumlisha, na kwa kuwa mimi nilikuwa kiongozi wake, anaomba nimsamehe.

Tarumbeta: Ukamjibu nini?

Mja_Asiyelala: Nilimwambia nimemsamehe.

DadaSoprano: Yesu wangu.

BabaWatano: Nafuta yale ya kukemea. Huyo anayekusumbua si shetani.

Kijiwe_Huru: Bado sijashawishika. Ila kama ni kweli, kila siku unayongoja ni siku nyingine anayojiona mwizi kwa dhambi yako.

Mja_Asiyelala: Nilidhani nikimaliza kwanza kulipa ile nusu iliyobaki ndipo nimwambie, niwe na cha kushika mkononi.

Mzee_wa_Torati: Mathayo 5:24. Iache sadaka, nenda kwanza. Fedha italipwa kwa kwaya, tena kwa jina lako. Barua ichane. Namba yake unayo?

Mja_Asiyelala: Ninayo. Lakini mzee, akiniuliza nilikuwa namsamehe nini, nitasemaje?