Mbwa wetu alikufa kwa parvo. Sasa tumeahidiwa mtoto wa mbwa wa wiki tano, tumchukue?

Nyota ya Jioni

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, na mnivumilie maana inabidi nianzie nyuma kidogo.

Miezi saba iliyopita tulifiwa na mbwa. Alikuwa na miezi mitatu tu. Asubuhi alikataa chakula, mchana akatapika, usiku akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka tumbo linanisokota. Siku ya tatu akafa mikononi mwa mwanangu mkubwa. Daktari wa mifugo alituambia ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amechanjwa! Alipigwa sindano moja akiwa na wiki saba, nami nikajua kazi imekwisha.

Sasa rafiki yangu ana German Shepherd jike amezaa. Watoto wana wiki tano, na ameniambia nikamchukue mmoja Jumamosi hii kwa kuwa wameshaanza kula wenyewe. Wanangu (wana miaka 9 na 4) wanashinda wakiangalia picha zao. Mimi na mwenzangu tunatoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni. Watoto wanarudi saa tisa na bibi yao yupo nao, lakini ni mtu mzima, hawezi kukimbizana na mbwa. Ua wetu una uzio, nusu ni saruji na nusu ni udongo wenye kivuli. Pale kwenye udongo ndipo marehemu alipokuwa akijisaidia.

Nimchukue? Ua unasafishwaje? Na kama German Shepherd hatufai, niangalie nini?

Mzee wa Banda

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole huyo kijana.

Usimchukue Jumamosi. Kula mwenyewe si kigezo. Mtoto wa mbwa akae na mama yake hadi wiki 8, na hizo wiki tatu zilizobaki ndizo anazofundwa. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akimng'ata mama, mama anamkemea. Hapo ndipo anapojifunza kupima nguvu ya meno yake. Anayeondolewa mapema huja kujifunzia hayo kwenye vidole vya mtoto wako wa miaka minne.

Mwambie rafiki yako amhifadhi, wewe uchangie chakula na dawa za minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo kutoka kwa mama, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane. Muulize kama amefanya hivyo. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu malezi waliyoyapata.

Tabibu

Natibu wanyama, na kesi kama yako nimeziona nyingi mno. Kwanza jitue huo mzigo, hukumuua mbwa wako kwa uzembe.

Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama yake kupitia dang'a, yale maziwa ya mwanzo kabisa. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huikabili chanjo na kuizima kabla haijamfundisha mwili wake kujitetea. Inapungua taratibu. Kwa mmoja inaisha wiki ya 8, kwa mwingine ya 12, wengine huchelewa zaidi, na kwa kumtazama huwezi kujua. Mbaya zaidi, kuna siku hapo katikati ambapo kinga ya mama imeshuka mno kuweza kumlinda, ila bado ina nguvu ya kuizuia chanjo. Parvo hupenya hapo hapo. Ndiyo sababu tunaanza chanjo kati ya wiki ya 6 na ya 8, tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na hatusimami mpaka afikishe wiki 16 au azidi. Ile ya mwisho ndiyo watu wengi wanaikosa, na ndiyo isiyotakiwa kukoswa. Sindano moja ya wiki ya saba kwa wengi ni sawa na hakuna.

Sasa ua wako. Virusi vya parvo ni vigumu kupita maelezo. Sabuni haiviui, dawa nyingi za kupigia deki haziviui, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli vinaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Miezi saba bado ni mapema. Kwenye saruji, ondoa uchafu wote kwa sabuni kwanza, kisha mwaga klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, iache dakika kumi na suuza. Usianze na klorini juu ya uchafu, itaishia kwenye uchafu. Bakuli za plastiki zilizokwaruzika, matandiko na vitu vya kuchezea vya marehemu, vitupe. Udongo hauna dawa ya kuaminika. Ukate matawi jua lipige, kisha upe muda.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asiingie kwenye ua huo, hata akiwa na wiki nane. Mbwa mzima aliyekamilisha chanjo, ndiyo, anaweza.

Na kichaa cha mbwa kina sindano yake, kuanzia kama wiki ya 12, kisha inarudiwa baada ya mwaka na kuendelea kadiri sheria na aina ya chanjo zinavyotaka. Hiyo ni kinga ya wanao pia. Hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Manyoya Meusi

Nina German Shepherd, huu ni mwaka wa sita, na simbadilishi na mbwa mwingine yeyote. Ndiyo maana nakwambia usimchukue.

Watu wanamwona mlinzi wa getini. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo; koo hii ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa wachungaji. Mbwa aliyezaliwa kwa kazi ya kutwa ukimwacha peke yake kwa saa nane anajitafutia kazi. Wangu, nilipokuwa naye mwaka wa kwanza na ratiba kama yako, alichimba mashimo, akatafuna mlango, na watoto wakikimbia alikuwa akiwafuata na kuwabana visigino kama anarudisha kondoo zizini. Haukuwa ukali, ni damu. Ila mtoto wa miaka minne halijui hilo, anajua ameng'atwa.

Tulitulia nilipokubali kuamka alfajiri kumtembeza saa nzima, jioni saa nyingine, na kati ya hapo mafunzo. Kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Jiulize kama hiyo saa unayo. Usijiulize kama unampenda, najua unampenda.

Jambo jingine kwa yeyote anayemtaka: ulizia nyonga za wazazi wake wote wawili. Hii koo inasumbuliwa na viungo vya nyonga, na maumivu yake ni ya maisha.

Nyota ya Jioni

Nimesoma kila neno, asanteni. Tabibu, kile kipande cha sindano moja nimemsomea mwanangu. Alikuwa anadhani alimpa mbwa kitu kibaya akamuua, na hakuwahi kuniambia.

Mwenzangu amekubali kwamba German Shepherd hapana. Lakini mbwa mtu mzima ananitia wasiwasi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mbwa ambaye sikumlea, tabia zake sizijui, nitamwekaje na watoto?

Mama Wawili

Kwa samaki, kweli. Kwa mbwa, naomba nikupinge kwa upendo.

Ukimchukua mtoto wa wiki nane unabahatisha. Hujui atakuwa mkubwa kiasi gani, mpole au mwoga, mtulivu au wa kurukaruka. Mbwa wa miaka mitatu ameshakuwa alivyo, unamwona. Sisi tulimchukua chotara wa miaka minne, wala hakuna anayejua babu zake walikuwa nani. Tulimtembelea mara tatu kabla ya kumleta. Mara ya kwanza nilikaa tu nikamwangalia akila, akipitwa na watu, chombo kikianguka karibu yake. Alishtuka, akatazama, akarudi kulala. Mbwa wa nyumba yenye watoto ninayemtaka mimi ndiye huyo, anayeshtuka kisha anatulia. Anayejificha saa nzima au anayevamia kila kinachosogea, mwachie mtu mwenye muda na uzoefu.

Tulipomleta alikaa siku tatu nyuma ya kochi, hali chakula vizuri, hachezi. Nikadhani tumekosea. Kumbe alikuwa anasoma nyumba. Baada ya kama wiki tatu alijua ratiba yetu, na ilichukua miezi mitatu mpaka nikasema sasa huyu ni mwenyeji. Msimkaribishe kwa shangwe na wageni, mpeni kona yake na mumwache.

Watoto wangu niliwafundisha kabla hajafika: haguswi akiwa anakula, haamshwi kwa kushikwa, hakumbatiwi shingoni, na anayemtaka amwite, asimfuate. Akiondoka, ameondoka. Na mimi nilijifunza kumsoma. Mbwa akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akageuza uso, akakaza mwili na weupe wa macho kuonekana, anaomba nafasi. Akinguruma, amesema kwa sauti. Usimpige kwa kunguruma! Ukimpiga atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atang'ata bila kuaga. Mpaka leo, miaka miwili, sijawahi kumwacha peke yake na mdogo, na ni mbwa mpole ajabu.

Kidimbwi

Nyongeza fupi. Msimfunge mnyororo kutwa, unamjengea woga na hasira. Jike kama hamtaki azae, afungwe kizazi. Chokoleti, zabibu, vitunguu vya aina zote na vitamu vyenye zailitoli (sukari mbadala) ni sumu kwake, mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumchoma ndani, na dawa zenu za maumivu msimpe hata nusu kidonge. Bibi aambiwe pia, bibi ndio wanaogawa vitu kwa siri kwa mapenzi.

Nyota ya Jioni

Nimerudi na habari. Rafiki yangu nimemwambia ukweli, hakuchukia, na amekubali kuwaacha watoto wote na mama yao hadi wiki ya nane.

Jana tulikwenda kumwona jike chotara wa miaka mitatu ambaye mwenye naye anahama. Nilimkalisha mwanangu mdogo chini, nikamwambia asimwite. Yule mbwa alizunguka, akanusa kiatu chake, akalala kama hatua mbili kutoka kwake. Mkubwa alikaa mbali. Hakutaka kumgusa, nami sikumlazimisha. Wakati tunaondoka aliuliza huyo mbwa amechanjwa mara ngapi.

Mwenye mbwa anasema amechanjwa, ila kadi haioni. Ndilo swali langu la mwisho kwa Tabibu. Jumamosi tunarudi kumtazama tena.

Tabibu

Asipoipata kadi, mhesabu kama hajachanjwa. Kwa umri wake kinga ya mama haipo tena kuingilia, kwa hiyo chanjo itashika. Achanjwe parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi wa mbwa), na kichaa cha mbwa pia, akiwa bado huko huko aliko, kisha asubiri wiki mbili ndipo aingie kwenye ua wako. Daktari atakayemchanja atakuambia lini arudi kwa marudio. Kadi mpya ikishaandikwa, mpe mkubwa wako aitunze.