Mashine ya tDCS inakata yenyewe na ngozi inababuka: tunakosea wapi?

Muuguzi_Makorora

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Kituoni tuna mashine ya tDCS kwa wagonjwa wa sonona, ile inayopitisha umeme mdogo kichwani. Tumeipanga miliampia 2 kwa dakika 30, anodi (elektrodi chanya) kushoto na kathodi (elektrodi hasi) kulia, elektrodi za mpira ndani ya sponji za sentimita 5 kwa 7. Shida ni tatu. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa kina mama, mashine inapanda kidogo kisha inakata na kuonyesha ukinzani mkubwa. Wengine wanaondoka na wekundu chini ya sponji, na mmoja ametoka lengelenge. Tena hatuelewani hiyo "kushoto" ni wapi hasa: huyu anaweka juu ya nyusi, yule karibu na utosi. Sponji tunalowesha maji ya bomba. Kuna aliyeshauri maji ya bahari, eti chumvi tunayo bure. Tusaidieni.

Fundi_VifaaTiba

Anza na maji. Ya bomba yana chumvi kidogo mno, umeme unapita kwa shida na ngozi ndiyo inayoumia. Ya bahari nayo yamezidi, gramu 35 hivi kwa lita, na sponji ikianza kukauka inaacha chembe za chumvi juu ya ngozi (sitaji uchafu wa ufukweni). Chukua dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Kwa sirinji weka mililita 6 upande mmoja wa sponji na 6 upande wa pili. Ukiibonyeza kwa kidole iwe na unyevu lakini isichuruzike. Ikichuruzika, maji ya sponji mbili yanakutana kwenye paji la uso na umeme unapita hapo hapo juu ya ngozi bila kuingia ndani. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani: mashine inaonyesha ukinzani mdogo wa kupendeza, mgonjwa anamaliza dakika 30 zake, na hakuna alichopata.

Kwa kina mama, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni mafuta ya nazi. Mafuta hayapitishi umeme. Mwambie mgonjwa aoshe nywele kwa shampuu usiku wa kuamkia kikao na asipake kitu mpaka kikao kiishe. Wa pili ni msuko. Twende kilioni inavumilika, maana ngozi inaonekana katikati ya mistari na unaweza kuipenyezea maji ya dripu. Rasta nene zinaibeba sponji juu juu kama kitanda, hizo lazima zifumuliwe pale elektrodi inapokaa. Vibanio vya chuma vitoke vyote. Tengeni chumba chenye pazia na mhudumu wa kike, maana mama akivua mtandio kwa wasiwasi atawaharakisha na sponji itakaa upande. Mkanda ukishakaza, mtandio unaweza kurudi juu yake.

Kuhusu lengelenge, kagua mpira. Ukichungulia nje ya sponji, au ukiwa na ufa, umeme wote unakusanyika kwenye sehemu ndogo na kuchoma. Kagua pia kama mnasugua ngozi kwa spiriti. Pangusa tu, ukisugua unaikwangua na umeme unatafuta mikwaruzo hiyo. Feni isielekezwe kichwani: kwa joto la Tanga sponji inaweza kukauka kabla ya dakika 30, na ukinzani unapanda katikati ya tiba. Ikitokea, shusha umeme polepole hadi sifuri, ongeza mililita mbili tatu, kisha anza kupandisha tena. Ukichomoa sponji umeme ukiwa juu, mgonjwa ataona kimwako machoni na kupigwa shoti.

Mwisho, betri. Kusukuma miliampia 2 kwenye ukinzani wa kiloomu 10 kunadai volti 20. Betri zikichoka mashine haifiki huko, inakata, nanyi mnalaumu nywele.

Bwana_Duga

Mbona mnajipa tabu? Fundi redio yeyote Ngamiani anatengeneza kitu hicho: betri ya volti 9, rizista moja, nyaya mbili na sponji ya kuogea.

Fundi_VifaaTiba

Mkuu, piga hesabu. Ukinzani wote ukiwa kiloomu 10, volti 9 zinatoa miliampia 0.9. Ngozi ikilowa na ukinzani ukashuka hadi kiloomu 1.5, betri ile ile inatoa miliampia 6, mara tatu ya dozi, na mgonjwa ndiye atakayekuwa kipimo chako. Mashine ya kweli inashikilia mkondo pale pale, volti ndizo zinazopanda na kushuka. Pia inachukua kama sekunde 30 kupanda hadi dozi na nyingine 30 kushuka. Na isitumike kamwe ikiwa imechomekwa kwenye chaja, umeme wa ukutani usiwe na njia ya kumfikia mgonjwa.

Tabibu_Raskazone

Nichukue swali la tatu. Hiyo "kushoto" ni nukta ya kichwani inayoitwa F3. Vifaa ni futikamba ya fundi cherehani na kalamu ya nyusi.

Pima kutoka kibonde cha juu ya pua, katikati ya macho, kupita utosini hadi kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Weka alama asilimia 10 kutoka puani, yaani sm 3.6, na nyingine asilimia 30, sm 10.8. Hiyo ya pili ndiyo Fz. Sasa zungusha futikamba kichwa kizima ikipita kwenye alama ya kwanza na, kwa nyuma, asilimia 10 juu ya kinundu. Tuseme ni sm 56. Kutoka alama ya mbele nenda kushoto asilimia 15 ya mzunguko, sm 8.4: hiyo ni F7. Katikati ya Fz na F7, ukifuata mviringo wa kichwa, ndipo F3. Kitovu cha sponji kikae hapo. Fanya vivyo hivyo kulia upate F4 ya kathodi. Kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako uliyesimama mbele yake. Juu ya nyusi ni chini mno, na ukikaribia utosi unaanza kuingia eneo la ubongo linaloendesha mkono.

Kabla ya kuwasha, uliza kifafa, upasuaji wa kichwa na chuma chochote ndani ya fuvu. Uliza pia kama aliwahi kupita siku kadhaa bila usingizi, akijiona ana nguvu za ajabu na kutapanya pesa, kwa sababu tDCS inaweza kumrudisha mtu wa aina hiyo kwenye hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Angalia dawa: karbamazepini (dawa ya kifafa) inazima athari ya anodi, na diazepamu (ya kutuliza wasiwasi) imehusishwa na matokeo hafifu. Ila msimwachishe dawa ili mashine ifanye kazi, mrudisheni kwa aliyemwandikia. Anayepanga kujiua, au aliyekataa kula na kunywa, si wa mashine hii. Huyo anahitaji hospitali leo.

Mdau_Chumbageni

Kweli inaponya? Au ni ile TMS ya sumaku?

Tabibu_Raskazone

TMS ni kitu kingine. Inatumia koili ya sumaku yenye nguvu kiasi cha kuzifyatua seli za ubongo. Utaratibu wa kawaida ni mapigo 3,000 kwa kikao, siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita, na Marekani iliiruhusu kwa sonona mwaka 2008. Ushahidi wake ni imara zaidi, lakini mashine ni ghali na inataka umeme wa kuaminika. tDCS haifyatui seli, inazisogeza tu karibu na kufyatuka.

Utafiti wa tDCS unayumba. Brazili, 2017, watu 245: iliishinda tiba bandia, lakini haikuweza kuonyesha kwamba haipitwi na kidonge cha sonona cha esitalopramu. Ujerumani, 2023, watu 160 waliokuwa tayari kwenye vidonge: haikuongeza chochote. Mwaka 2024, watu 174 wa Uingereza na Marekani waliojitibia nyumbani wakisimamiwa kwa video: baada ya wiki 10 karibu asilimia 45 walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 22 ya waliopewa mashine bandia. Mimi ningeitumia kama nyongeza, na ningemwambia mgonjwa hivyo siku ya kwanza.

Hao wa 2024 walipangiwa vikao 36: vitano kwa wiki kwa wiki tatu, kisha vitatu kwa wiki kwa wiki saba. Kwa anayetoka Pongwe hesabuni nauli kwanza, vikao vinavyorukwa ndivyo vinavyoua tiba. Jazeni dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, kila wiki, na mgonjwa akijibu zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, azungumze na tabibu siku hiyo hiyo.

Muuguzi_Makorora

Ahsanteni sana. Yule wa lengelenge, tusogeze sponji pembeni aendelee?

Fundi_VifaaTiba

Hapana dada. Ukiisogeza unatibu sehemu nyingine ya ubongo. Asubiri ngozi ifunge kabisa, na mpira uliotumika siku ile msiutumie tena kabla ya kuukagua mwangani.