Mafunzo ya kupunguza matumizi ya umeme majengoni: tuanze na mafundi gani?

Mjenzi wa Jinja
Ndugu zangu, salaam. Chama chetu kina waashi, maseremala, wapigaji mabati na mafundi umeme, ambao wengi wao walijifunza kazi chini ya mafundi wakubwa bila kupita chuoni. Wenye majengo ya zamani, hasa shule na hosteli, wanazidi kutuomba tuwapunguzie joto la vyumbani na gharama za umeme. Tumepata fedha kidogo za mafunzo. Je, tupeleke vijana wachache chuoni kwa kozi ndefu, au tuwafundishe hawa walio kazini?

Mwalimu wa Ufundi, Kampala
Ndugu Mjenzi, ningeanza na walio kazini. Mtu aliyekwisha kuzoea paa na mbao hahitaji kurudishwa darasani kwa miaka miwili. Anachokosa ni kuelewa joto linaingilia wapi. Sisi tuko kwenye ikweta, na jua la adhuhuri hulipiga paa karibu wima mwaka mzima, kwa hiyo bati lisilo na dari ndilo hupitisha joto jingi zaidi, likifuatiwa na kuta za mashariki na magharibi. Fundi asiyelijua hilo atamshauri mteja anunue kiyoyozi, na bili itapanda badala ya kushuka.

Chukua karatasi ya alumini inayowekwa chini ya bati. Kazi yake ni kurudisha mnururisho wa joto, na haiwezi kuifanya pasipo nafasi ya hewa, kiasi cha sentimita mbili na nusu, mbele ya upande unaong'aa. Ikibanwa kati ya bati na ubao wa dari bila nafasi yoyote, joto hupita kwa kugusana, na mteja amelipia pambo. Somo hili linatosha mchana mmoja juu ya paa halisi, kila mwanafunzi akiwa na kipimajoto mkononi, akipima kabla ya kazi na baada yake.

Kuhusu vyeti, ulizieni utaratibu wa Workers' PAS, ambao humpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini.

Fundi Umeme, Mbarara
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu paa, lakini upande wa umeme nina tahadhari. Kubadilisha taa ni jambo jepesi na lina faida ya haraka: hosteli yenye balbu 40 za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia uniti 12, na zikibadilishwa kwa taa za LED za wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 1.8. Nyaya za zamani ni habari nyingine kabisa. Anayezigusa anapaswa kuwa na kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, cha daraja linalolingana na kazi yenyewe, na mafunzo ya wiki moja hayawezi kuziba pengo hilo. Fedha za chuo, basi, zitumieni kwa mafundi umeme wawili au watatu, kisha wao wawasimamie wenzao.

Msimamizi wa Hosteli, Mbale
Naomba jambo moja lisisahauliwe. Wapangaji wengi hupikia sigiri ndani ya chumba au mlangoni. Fundi akiziba kila upenyo bila kuuliza watu wanapika wapi, gesi ya monoksidi ya kaboni itokanayo na makaa, ambayo haina rangi wala harufu, inaweza kuua waliolala. Kuhoji wakaaji kuwe sehemu ya mtihani, na matundu ya hewa yasizibwe kamwe kwa ajili ya kuokoa umeme.

Mjenzi wa Jinja
Nashukuru sana, Mwalimu na ndugu zangu. Nitapendekeza kwa wanachama tuchague jengo moja la shule, tusome mita yake ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kwa muda wa kutosha kabla ya kugusa chochote, kisha tufundishie hapohapo. Mwalimu, je, tusome matumizi ya muhula mzima, au wiki chache za masomo zinatosha kulinganisha?

Mwalimu wa Ufundi, Kampala
Wiki chache zinatosha, mradi idadi ya wanafunzi na saa za kuwasha taa zisibadilike. Msilinganishe wiki ya masomo na ya likizo.