Tupeane uzoefu: kuishi na bastola ya fremu ya plastiki, Glock 19 na jamaa zake

Ndugu wamiliki halali wa silaha, hamjambo. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa bastola zenye fremu ya polima, hasa Glock 17 na Glock 19, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa sana na mtu anayesubiri kibali chake cha kwanza, na majibu anayopewa huwa ni sifa tupu: ni nyepesi, haikwami, magazini (kasha la risasi) ya Glock 19 inabeba risasi 15. Sifa hizo ni za kweli. Jeshi la Austria liliichagua Glock 17 mwaka 1982, Glock 19 iliyo fupi kidogo ikafuata mwaka 1988, na tangu hapo zimeaminiwa na polisi wa nchi nyingi. Lakini kukaa nayo kiunoni na nyumbani kuna masharti yake, na hayo ndiyo ninayotaka tuyaseme.

Nianze na langu. Ninaishi Morogoro, na kabla ya Glock 19 nilimiliki kwa miaka mingi Browning ya chuma. Kilichonibadilishia mazoea si uzito, bali kukosekana kwa kile kitufe cha usalama cha kidole gumba. Glock ina vizuizi vitatu: kijiulimi kilicho katikati ya triga (kifyatulio), kizuizi kinachoishika pini isigonge risasi, na kingine kinachozuia isijifyatue ikianguka. Vyote vitatu huachia kwa zamu pale triga inapovutwa, kisha hurudi mahali pake triga inapoachwa. Kwa hiyo bastola hii ikianguka sakafuni haitafyatuka, ila triga ikivutwa itafyatuka, iwe imevutwa na kidole, na pindo la shati au na kamba ya koti. Ndiyo maana nasema holsta, yaani ala ya kuvalia bastola, ni nusu ya usalama wake. Ile ya ngozi iliyochakaa mdomo hujikunja ndani, na mkunjo huo unaweza kuingia kwenye tundu la triga wakati unairudisha bastola. Tafuta holsta ngumu inayofunika triga yote, na uirudishe bastola taratibu huku ukitazama.

Jambo la pili ni kuifungua kwa ajili ya usafi. Glock haitoi slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, mpaka kwanza uvute triga. Toa magazini, vuta slaidi, tazama kwa macho chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe, elekeza mtutu mahali salama, ndipo uvute. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huitoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, kisha akaamini chemba ni tupu. Mpangilio huo usigeuzwe hata mara moja.

Mwanapwani, Mombasa:
Assalaam alaykum, na ahsante kwa mada hii. Huku kwetu adui ni chumvi. Fremu ya polima haishiki kutu, hilo halina mjadala, na slaidi pamoja na mtutu hukazwa uso kiwandani hata jasho haliviathiri upesi. Tatizo ni kwamba watu wakishasikia hivyo huacha kuisafisha. Ukiondoa slaidi utaona ndani ya fremu vijireli vifupi vya chuma, springi na pini, na hapo ndipo madoa mekundu huanzia, hasa kwa anayeivaa ndani ya suruali mwaka mzima. Risasi za akiba nazo zisiwekwe katika mfuko wa ngozi kwa muda mrefu, kwani dawa za kulainishia ngozi hula ganda likatoa utando wa kijani. Nimeshuhudia risasi za namna hiyo zikigoma kuingia chemba sawasawa.

Mchimbaji, Geita:
Sisi tuna vumbi. Ushauri wangu ni mfupi: mafuta ni matone machache tu kwenye reli na kwenye mtutu, na njia ya pini ibaki kavu kabisa, kwa sababu mafuta yakichanganyika na vumbi hugeuka tope, na pini ikagonga kwa ulegevu.

Mama wa Nakuru:
Nawashukuru nyote. Mkono wangu ni mdogo, na jambo hili wauzaji hawalitaji mpaka uulize. Kuanzia toleo la nne, lililotoka mwaka 2010, sehemu ya nyuma ya mpini huja na vipande vya kuongezea; ukivitoa vyote unabaki na mpini mwembamba zaidi, na kidole hufika kwenye triga bila kuuzungusha mkono. Siku za mwanzo uwanjani ganda lilikuwa likisimama wima katika dirisha la slaidi, nusu ndani nusu nje, na slaidi haifungi. Mwalimu hakuilaumu bastola wala risasi, alinishika kiwiko. Fremu ikiwa nyepesi hivi, kiganja kikilegea bastola nzima hurudi nyuma pamoja na slaidi, nayo slaidi hukosa nguvu ya kumaliza safari yake na kulitupa ganda. Tangu niushike mpini juu kabisa na kukaza mkono wa kushoto, tatizo hilo halijarudi. Akina mama wenzangu, msiitie kwenye mkoba pamoja na funguo na kalamu. Mkiibeba humo, iwe na sehemu yake peke yake, na ndani ya holsta.

Mzee wa Arusha:
Mimi bado naishika bastola yangu ya CZ 75, kwa kuwa nyundo yake naiona kwa macho na najua hali yake. Kijana wangu ana Glock, na nimemshauri asitembee na risasi chemba. Je, nimekosea?

Mwanzisha mada:
Shikamoo Mzee. Hukukosea, kwa sababu asiyefanya mazoezi mara kwa mara ni afadhali aibebe chemba ikiwa tupu. Kweli Glock haina nyundo ya kutazama, ila kwenye matoleo ya karibuni kile kikucha kinachovuta ganda, kilicho ubavuni mwa slaidi, hujitokeza kidogo risasi ikiwa chemba, na hata gizani kidole hukihisi. Hiyo ni dalili tu. Kutazama chemba kuko palepale.

Kuhusu nyumbani, triga yake huhitaji takriban kilo mbili na nusu kuvutwa, na nguvu hizo mtoto wa shule ya msingi anazo. Yangu hulala ndani ya holsta, katika sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, na ufunguo hauachwi ndani ya nyumba ninapotoka. Na kwa wanaojiandaa kwa uhakiki wa silaha, kama ule wa mwaka 2016 hapa Tanzania au ule wa Kenya uliotangazwa Desemba 2018: namba ya silaha imo kwenye mtutu, kwenye slaidi, na kwenye kibati kidogo cha chuma kilichozamishwa chini ya fremu, mbele ya triga. Kibati hicho msikisugue wala kukipaka rangi, na namba zote tatu zilinganisheni na kitabu cha leseni siku ileile mnapokabidhiwa bastola.