Mkutubi anayeandika vitabu vya watoto: aendelee na kazi zote mbili au achague moja?

Mlinzi wa Rafu aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mkutubi wa sehemu ya watoto, na mwaka huu ninatimiza miaka 9 katika kazi hiyo. Kila wiki ninaendesha saa ya hadithi kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, na usiku, watu wa nyumbani wakishalala, ninaandika hadithi za watoto wa rika hilo hilo. Mswada mmoja umekubaliwa na mchapishaji, na mwingine umerudishwa mara tatu.

Wenzangu wananikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba nikitaka kuwa mwandishi wa kweli sina budi kuiaga maktaba. Ninasita, kwa sababu sioni ningeyapata wapi haya ninayoyaandika kama nisingekuwa nimekaa na watoto kwenye mkeka ule. Lakini lipo jambo linalonisumbua zaidi. Mimi ndiye ninayechagua vitabu vinavyonunuliwa kwa ajili ya sehemu ya watoto. Kitabu changu kitakapotoka, je, ni haki nikichague mwenyewe na kuwasomea watoto? Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii.

Mkeka wa Hadithi alijibu:

Ndugu yangu, hongera kwa mswada uliokubaliwa. Nami ni mkutubi, na nimechapisha vitabu vinne bila kuacha kazi, kwa hiyo nitaeleza kile ambacho maktaba imenipa.

Niliwahi kuandika hadithi ya mtoto aliyepoteza kiatu kimoja. Katikati yake mama anamweleza mtoto umuhimu wa kutunza vitu, na sentensi hizo tano nilizipenda kuliko zote. Nilipowasomea watoto, mmoja wa mstari wa mbele alianza kuvuta uzi wa mkeka, wa pili akageuka kutazama mlango, na kabla sijafika mwisho wa ukurasa nusu yao hawakuwa pamoja nami tena. Usiku ule nilifuta sentensi nne. Wiki mbili baadaye nililisomea kundi jingine, na nilipofika pale pale msichana mmoja alinyanyuka akasogea karibu ili aone kama kiatu kimeonekana. Hakuna mhariri ambaye angenionyesha kosa lile kwa uwazi wa namna hiyo. Ila ukiwasomea mswada, usiwaambie kwamba ni wako, kwa maana watoto wanaokupenda watausifu ili wakufurahishe.

Mfano unaofaa kufikiriwa ni wa Beverly Cleary wa Marekani. Alipokuwa mkutubi wa watoto katika mji wa Yakima, mwishoni mwa miaka ya 1930, wavulana walimwuliza viko wapi vitabu vinavyohusu watoto kama wao, naye hakuwa na cha kuwapa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1950. Yapata miaka 10 ilipita tangu swali lile lilipoulizwa pale mezani, na wakati huo alikwisha kuondoka Yakima, lakini wavulana wale wamo ndani ya kitabu. Kwa hiyo andika kwenye daftari maswali unayoulizwa na watoto, hasa yale unayoyakosea jibu rafuni.

Kalamu Nyekundu alijibu:

Ninahariri vitabu vya watoto, na nitasema neno moja ambalo huenda lisipendeze. Miswada ya wakutubi huja safi, yenye lugha iliyochujwa, na mwandishi huwa anajua umri wa msomaji wake kuliko waandishi wengine wengi. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi huandikwa ili kujaza pengo la rafu. Mkutubi ameona kwamba hakuna kitabu juu ya mtoto mwenye kigugumizi, basi anaandika kitabu juu ya kigugumizi, na mtoto mwenyewe hayumo. Pengo ni sababu nzuri ya kuanza kuandika, lakini hadithi yenyewe humtaka mtoto mmoja mwenye jina, anayetaka kitu fulani na kuzuiwa kukipata. Mswada wako uliorudishwa mara tatu uchunguze kwa jicho hilo kwanza.

Jambo la pili ni la ufundi. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa ukurasa wa jina la kitabu, wa hakimiliki na mingineyo, hadithi hubaki na kurasa kama 24 hadi 28. Kunja karatasi tupu, uzishone katikati, kisha ugawe maneno yako humo. Utaona mara moja mahali ambapo kufunua ukurasa kunaleta shauku na mahali ambapo hakuleti chochote. Wala usimweleze mtoto alivyovaa ikiwa nguo hiyo haina kazi katika hadithi, maana mchoraji naye anahitaji nafasi yake.

Niliyeaga Kazi alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Mkeka wa Hadithi. Mimi niliacha ukutubi baada ya kitabu cha tatu, na sijutii, kwa kuwa usiku haukunitosha tena na nilianza kuwasomea watoto huku nikisinzia. Margaret Mahy wa New Zealand, aliyekuwa mkutubi wa watoto mjini Christchurch, alianza kuchapishwa vitabu mwaka 1969 na akawa mwandishi wa kutwa mwaka 1980. Miaka yote hiyo ya katikati alishika yote mawili, akiandika usiku baada ya kazi na malezi. Sidhani kwamba alikuwa na haraka ndogo kuliko yako.

Hata hivyo, nilichokosa ni masikio ya watoto. Mwaka wa kwanza sentensi zangu zilirefuka bila mimi kutambua, na hadi leo ninarudi maktabani mara moja kwa mwezi kusoma kwa kujitolea. Pura Belpré, aliyeanza kazi katika maktaba ya umma ya New York mwaka 1921 na kuchapisha mwaka 1932 ngano ya Puerto Rico aliyozoea kuwasimulia watoto, aliacha kazi katika miaka ya 1940 ili aandike, kisha akarudi maktabani miaka ya 1960. Mlango haufungwi moja kwa moja, ndugu yangu. Chunguza mapato ya mrabaha, yaani fungu la mauzo analolipwa mwandishi, kwa miaka miwili mfululizo kabla ya kuamua, kwa kuwa kitabu kimoja ni nadra kumlisha mtu.

Mkuu wa Sehemu alijibu:

Nitajibu swali la ununuzi peke yake. Usikichague kitabu chako mwenyewe, hata kama ni kizuri. Mwarifu mkuu wako kwa maandishi kwamba una kitabu kinachotoka na kwamba utapata mrabaha, kisha omba mwenzako akipime kwa vigezo vile vile vinavyotumika kwa vitabu vingine. Wakikinunua, kisome katika saa ya hadithi kwa zamu yake, wala usikiuze siku hiyo. Soma pia mkataba wako wa ajira, kwa sababu katika nchi nyingi hakimiliki ya kazi iliyofanywa kama sehemu ya ajira ni ya mwajiri. Andika nje ya saa za kazi na kwa kompyuta yako mwenyewe, na hilo lijulikane mapema.

Mlinzi wa Rafu alirudi:

Nawashukuru sana nyote. Barua kwa mkuu wangu nimeiandika leo asubuhi, na mwenzangu wa sehemu ya watu wazima amekubali kukipima kitabu. Kazi siiachi kwa sasa. Kalamu Nyekundu, nimeusoma upya mswada ule uliorudishwa, na ni kweli kwamba hadi ukurasa wa tisa mtoto wangu hajataka kitu chochote. Kila anachofanya ameambiwa na watu wazima. Nimekunja karatasi, nimezishona, na ninaanza tena kwa ukurasa ambamo anataka kupanda juu ya paa.